Kumtafuta Mheshimiwa Devane Makaburini Saint Paul

Wiki ya tatu hii niko nyumbani Columbia Heights, sina pa kwenda asubuhi, na bado naamka saa kumi na moja kamili kana kwamba basi litaniacha. Otieno, mwenzangu wa makaburini, ameniomba niandike niliyoyaona kazini ili yeye na wenzake wapya wapate pa kuanzia. Nimekubali kwa masharti mawili. Kwanza, sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa. Wahusika wanajijua, na baadhi yao nimeshawazika. Pili, nitaandika kwa Kiswahili cha kwetu, na Otieno atawatafsiria wasiokijua. Akikosea, lawama ni zake.

Naitwa Odilia Komba, mzaliwa wa Mbinga. Nilikuja Minnesota nikimfuata mume wangu, aliyekuwa amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu. Yeye alikuja na vitabu vyake. Mimi nilikuja na cheti cha ukarani na mtoto wa miezi saba mgongoni. Tangazo la kazi nililiona baada ya misa, limebandikwa nyuma ya kanisa: anatakiwa karani, makaburi ya zamani ya Kikatoliki, Saint Paul. Rafiki zangu Wakenya, karibu wote wauguzi, walinionea huruma. "Dada, njoo kwetu tunakotunza wazee," mmoja aliniambia. "Wetu angalau wanapumua."

Mama yangu kule nyumbani sikumweleza yote. Nilimwandikia kwamba nimepata kazi katika ofisi ya kanisa. Haukuwa uongo. Ofisi ilikuwa na msalaba mlangoni.

Siku ya kwanza nilipanda mabasi mawili na kufika nusu saa mapema, nimevaa viatu vya kisigino. Aliyenipokea alikuwa msimamizi wa makaburi, Frank, mzee mrefu wa asili ya Kijerumani, mwenye mikono kama makoleo. Huku kila mtu huitwa kwa jina lake tu, lakini mdomo wangu ulikataa. Nikamwita Bwana Frank mpaka siku anastaafu, na nadhani alikuwa amezoea hata akapenda.

"Umewahi kuona maiti?" aliniuliza.

"Nimemwosha bibi yangu mwenyewe."

Aliniangalia kidogo. "Basi utakaa," akasema.

Nilidhani atanionyesha meza yangu. Badala yake alinitupia mabuti ya mpira yaliyonizidi, akanitoa nje, akanikabidhi fimbo nyembamba ya chuma yenye mpini wa kukingama juu, urefu wake unanifika kifuani. Tuliiita sindano, na ninyi bado mnaiita hivyo. Alisema karani asiyeijua ardhi ataandika uongo kwa mwandiko mzuri. Basi wiki nzima nikawa kama fundi cherehani, nachoma ardhi hapa, nachoma pale, huku watu waliokuja kuweka maua wakinishangaa.

Sindano haisukumwi kwa hasira. Unaiegemea kwa uzito wa mwili, polepole, na unasikiliza kwa viganja. Udongo ambao haujawahi kuchimbwa unakukatalia kwa namna moja kuanzia juu hadi chini. Udongo uliochimbwa, hata kama ni zaidi ya miaka mia iliyopita, unabadilika njiani: unakubali, unasita, unakubali tena. Jiwe unalijua kwa sauti. Mzizi unarudisha sindano juu kidogo, kama mtu anayekusukuma bega. Siku ya tano Bwana Frank alinifunga macho kwa skafu yake, akaniongoza sehemu kumi, na kila mahali nikamwambia: kuna kaburi, hakuna, kuna. Nilikosa moja. Alisema hata yeye pale huwa anakosa. Sijui kama ilikuwa kweli.

Kisha ikaja baridi. Ninyi mliozaliwa kwenye joto mnajua ninachosema. Mwezi Januari ardhi ya hapa inakuwa zege. Kabla kijiko, ile mashine ya kuchimbia, hakijagusa kitu, tunaweka juu ya mahali pa kaburi lile boksi kubwa la chuma, tunawasha gesi ndani yake, na linaachwa siku nzima au zaidi mpaka ardhi ilainike. Mara ya kwanza kuliona linafuka moshi katikati ya theluji, nilidhani tumeanza kuchoma watu.

Baridi hiyohiyo ya kwanza Bwana Frank alinituma reki kwenye stoo ya mawe iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, ile mnayowekea mashine za kukatia majani. Nikamuuliza kwa nini stoo ya mashine ina mlango mzito kama wa kanisa na msalaba umechongwa juu yake.

"Zamani hawakuwa na gesi," alisema. "Mtu akifa kati ya Desemba na Machi, hakuna wa kuweza kuchimba. Walikuwa wanawapanga humo ndani, kwenye rafu, wanasubiri ardhi iyeyuke. Aprili wanawazika wote wiki moja."

Nilifanya ishara ya msalaba, kisha nikaingia kuchukua reki niliyotumwa.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo lazima niiandike kwa sababu ndiyo iliyobadilisha fomu mnayoitumia leo. Alifariki baba mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu. Kanuni yetu ilikuwa kwamba familia inaondoka jeneza likiwa bado juu, halafu sisi tunalishusha na kufukia kwa kijiko. Mjane wake, Mama Furaha, alikataa kuondoka. Wakwe na wanawe walimzunguka, hakuna aliyesogeza hata mguu.

"Miye siwezi kuacha mashini izike bwana yangu," aliniambia. "Tutamufunika na mikono yetu."

Yule wa kampuni ya mazishi alikuwa anatazama saa. Nilimwendea Bwana Frank, nikamweleza kwamba kwetu kumwachia mgeni kazi ya kufukia ni kama kumtupa mtu. Alizima kijiko, akaenda kwenye gari, akarudi na makoleo yote tuliyokuwa nayo, na la kwanza akampa Mama Furaha. Walifukia huku wakiimba. Watoto, wazee, wote. Bwana Frank alisimama pembeni na kofia mkononi, akisahihisha pembe kimyakimya kwa mguu. Wiki iliyofuata aliniambia niongeze swali kwenye fomu: je, familia ingependa kufukia yenyewe? Waulizeni kila mara. Msingoje waje wawaombe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Otieno hasa ndilo alitaka niliandike.

Mwaka wangu wa pili kazini ilikuja barua kutoka Ireland, imeandikwa kwa mkono na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Nora Devane. Alimtafuta baba wa babu yake, Malachy Devane, ambaye zamani alikuwa mbunge, mmoja wa wale waliopigania Ireland ijitawale. Malachy huyo, au Malaki kama tungemwita sisi kwa jina la nabii, alikuwa amekuja Marekani kutoa hotuba na inasemekana alifia Saint Paul, mwezi Januari. Alinipa na mwaka.

Nikafungua sanduku la kadi, herufi D. Hakuna Devane. Nikafungua rejesta kubwa ya mazishi, Januari ya mwaka ule, kisha Februari kwa usalama. Hakuna. Nikamjibu kwa barua safi, iliyopigwa chapa vizuri, kwamba tunasikitika, mtu huyo hayupo kwetu. Miaka kadhaa baadaye aliandika tena, nami nikajibu vilevile. Mara ya tatu sikufungua hata rejesta. Nilinakili jibu la zamani na kubadilisha tarehe. Naliandika hili mlione, maana mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha ninyi kwamba kila swali linafunguliwa upya.

Bwana Frank alistaafu, akahamia kwa binti yake huko Crystal, na baada ya miaka michache alirudi kwetu kwa njia ambayo sote hurudi. Kaburi lake nilisimamia mwenyewe, nikapima pembe mara mbili. Angeona.

Oktoba iliyopita, asubuhi, aliingia ofisini bibi mmoja mwembamba mwenye nywele nyeupe na koti la mvua, akivuta sanduku la magurudumu. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja. Alisimama mbele ya meza yangu, akasoma kibao chenye jina.

"Wewe ndiye Odilia Komba?"

"Ndiye mimi."

Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya plastiki, na kuniwekea mezani barua tatu. Zote zilikuwa na sahihi yangu.

"Wewe ndiye uliyeniambia mara tatu kwamba baba wa babu yangu hayupo," alisema. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

Nilimtengenezea chai. Chai ya maziwa ya kuchemsha pamoja, ya kwetu, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Alionja, akaniangalia, akasema hii ndiyo chai ya kwanza ya kweli aliyopewa tangu ashuke ndege. Hapo tukaanza kuongea kama watu. Nilimwambia kwetu mbunge anaitwa Mheshimiwa.

Akacheka kwa uchungu. "Kwetu walimwita majina mengine."

Basi akanisimulia, na namwandika hapa Mheshimiwa Malachy Devane kama nilivyomsikia. Alikuwa mtoto wa mpangaji wa shamba. Akiwa mdogo aliona nyumba yao ikibomolewa paa kwa sababu baba yake alishindwa kumridhisha mwenye ardhi, na familia ililala mtaroni kando ya barabara na mvua inanyesha. Akajifunza kupanga herufi za chapa katika kiwanda kidogo cha gazeti, na kutoka kuzipanga akaanza kuandika mwenyewe. Alipita vijiji kwa miguu akiwaambia wapangaji neno moja tu: akifukuzwa mmoja, shamba lake asilichukue mwingine. Kwa hotuba hizo serikali ilimfunga. Akiwa bado gerezani, watu wa jimbo lake walimchagua kuwa mbunge. Alitoka gerezani, akapanda meli, akaenda kuapa London.

"Alikuwa mzungumzaji?" niliuliza.

"Hapana! Alikuwa na kigugumizi," Nora alisema, na kwa mara ya kwanza macho yake yaling'aa. "Lakini kigugumizi kilimsaidia. Serikali ilipoleta sheria ya kuwafunga Waairishi bila kesi, yeye na wenzake walipanga kuichelewesha kwa maneno. Zamu yake ilipofika alisimama, akaanza kusoma ripoti ya serikali yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na kila neno gumu lilimchukua dakika nzima. Mawaziri walikuwa wakilia kwa hasira. Spika hakuweza kumkatiza mtu kwa kosa la kugugumia."

Tulicheka mpaka Otieno akachungulia kuona kuna nini. Otieno wakati huo alikuwa na miaka minne nasi, baba wa watoto watatu, aliyechoka kubeba wagonjwa na kuhamia kwenye kijiko. Nikamwambia aingie akae.

Sheria ya ardhi ilipopatikana hatimaye, Nora aliendelea, wapangaji wa kijiji chao walirudi mashambani mwao, na Malachy alibebwa mabegani. Halafu chama chao kikapasuka. Nusu walibaki na kiongozi wao, nusu walimkataa, na ndugu wa damu wakaacha kusalimiana. Devane hakuchukua upande. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kambi hii na kambi ile, akiwasihi warudiane. Huku alipigwa mawe, kule alitemewa mate. Uchaguzi uliofuata alishindwa na pande zote mbili kwa pamoja, na Nora alisema hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule.

Ndipo akavuka bahari kuja kuwaomba Waairishi wa Marekani wasirithi ugomvi ule. Mkewe alipata telegramu, simu ya maandishi ya enzi zile, kutoka Saint Paul: amefariki, homa ya mapafu, barua itafuata. Barua haikufuata. Baada ya muda maadui zake wakasema simu ile ilikuwa ya uongo, kwamba Waingereza walimnunua zamani na sasa anakula raha Marekani kwa jina jingine. Kama amekufa, walisema, kaburi liko wapi?

"Mke wake alizeeka akiitwa mke wa mtoro," Nora alisema. "Babu yangu alipigana shuleni kwa ajili ya neno hilo. Mimi mwenyewe nimelisikia dukani, nikiwa mwalimu mkuu. Nina kaka mmoja tu, Tom, anaumwa, hawezi kusafiri. Nimemwahidi nitauliza mara ya mwisho, ana kwa ana. Ndege yangu ni Ijumaa."

Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Nikasema nitafungua tena vitabu. Aliposimama kwenda hotelini kwake, alinisikia nikimtamkia Otieno jina lile, Devane, kama lilivyoandikwa.

"Hata sisi tunalitamka hivyo siku hizi," alisema. "Lakini wazee wetu, wale waliozungumza Kiairishi nyumbani, walisema Duwaan."

Nimeishi nchi hii miaka mingi nikiitwa Comber, Kumba, na mara moja, benki, Columbia. Najua karani anavyofanya: anaandika anachosikia, kwa tahajia anayoijua. Na karani wa rejesta ile ya zamani alikuwa Mjerumani.

Wakati huohuo Otieno alikuwa anatazama nje ya dirisha. "Lakini Mama," akasema, "kama huyu mzee alidie January, waliwezaje kumzika? Kwani walikuwa na gesi?"

Ndugu zangu, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Miaka yote ile nilikuwa nikijua ile stoo ya kilimani ilikuwa ya nini. Nimewasimulia wageni. Na mara tatu nimemtafuta mtu aliyekufa Januari katika ukurasa wa Januari.

Nilivuta rejesta, nikaenda moja kwa moja mwezi Aprili. Kulikuwa na orodha ndefu kwa mwandiko mmoja wa haraka, na pembeni ya kila jina alama ndogo ya msalaba kuonyesha mwili umetoka chumba cha kusubiria. Nilishuka kwa kidole. Jina la ishirini na kitu: Duane, M., Ireland. Homa ya mapafu. Sehemu ya tisa, mstari wa nne, namba kumi na moja.

Nora alikuwa bado hajavaa koti lake. Nikageuza kitabu, nikamwonyesha. Aliweka kidole chini ya jina lile na hakukiondoa.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Sijui bado," nilimjibu, kwa sababu sikutaka kumwambia uongo wa nne. "Inaweza kuwa M mwingine. Tutatafuta kaburi."

Hapo ndipo pagumu. Sehemu ya tisa ndiyo ile kona ya zamani ambayo karibu haina mawe, nyasi tu, na meneja wetu wa sasa, aliyeona kaburi lisilo na jiwe halizuii barabara, alikuwa ameshapanga kujenga pale barabara ya magari na ukuta wa kuhifadhia majivu ya wafu. Mafundi walikuwa wanakuja wiki iliyofuata. Nilimwendea ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ratiba.

"Odilia, una jina lililokosewa kwenye kitabu," alisema. "Siwezi kusimamisha kazi kwa tahajia. Niletee kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu ninachoweza kukigusa. Kabla ya Alhamisi jioni."

Jumanne tulipima kutoka jiwe la kona, mstari wa nne, kaburi la kumi na moja, mimi na Otieno na mita ndefu. Nilichoma sindano asubuhi nzima. Udongo ulikuwa umechimbwa, ndiyo, lakini ulikuwa na makaburi mafupi mafupi, ya watoto. Sikuwa mahali penyewe. Jumatano tukapima kutoka upande wa pili, tukapata mizizi ya miti iliyokatwa zamani. Nora alikaa kwenye kiti cha kukunja, amejifunika blanketi la Otieno. Mikono yangu ilikuwa imevimba. Nilikuwa nimebakiza miezi sita nistaafu, na niliwaza kwamba huenda kazi yangu ya mwisho itakuwa kumwambia bibi huyu hayupo kwa mara ya nne.

Alhamisi asubuhi nilirudi kwenye rejesta, nikaacha kumtazama Duane. Nikatazama aliyemfuata. Ukitaka kumpata asiyeonekana, anza na jirani yake. Namba kumi na mbili alikuwa mwanamke, mpishi, na jina lake nilikuwa nimeliona mahali kwenye jiwe. Nikatoka mbio, na mimi si mtu wa kukimbia. Jiwe lake lilikuwepo, dogo, limeinama chini ya kichaka cha ua, mbali kabisa na tulipokuwa tunachoma. Karani yule alihesabu mistari kuanzia lango la zamani, ambalo lilizibwa kabla hata Bwana Frank hajazaliwa.

"Otieno!" niliita. "Lete sindano. Mwite Nora."

Nilipima futi tatu na nusu kutoka kwa yule mpishi. Nikaegemea. Udongo ukakubali, ukasita, halafu sindano ikagonga. Si mzizi. Nilijua kwa sauti. Nikachoma pembeni, ikagonga tena, na tena, mpaka nikawa nimechora umbo lake lote juu ya nyasi kwa vijiti: pembe nne zilizonyooka, kina cha mkono hadi kwenye kiwiko.

"Mama, tuchimbe na machine?" Otieno aliuliza.

"Kwa mikono," nikasema.

Tulikata nyasi vipande vipande tukaziweka kando. Tulichimba kwa sepetu ndogo, kisha kwa vidole. Lilikuwa jiwe bapa, limeanguka kifudifudi na kuzama, na mgongo wake ulikuwa laini, bila herufi hata moja. Nora alilitazama, akageuza uso.

"Subiri," nikamwambia. "Huo ni mgongo."

Tuliingiza mitarimbo miwili, Otieno huku, mimi huku. Liligoma, kisha likaachia udongo kwa sauti kama mtu anayevuta pumzi, likasimama. Nilimwagia maji kutoka kwenye ndoo, nikasugua kwa brashi laini. Matope yakashuka na herufi zikatokea kutoka juu kwenda chini, safi kana kwamba zimechongwa juzi, maana zilikuwa zimelala mbali na mvua muda wote ule.

Malachy Devane. Mbunge. Chini yake jina la kijiji chao, limeandikwa sawasawa. Na chini kabisa mstari mmoja ambao Nora alishindwa kuusoma kwa machozi, nikamsomea mimi: Jiwe hili limewekwa na pande zote mbili.

Halafu Nora alipiga magoti kwenye matope na koti lake la mvua, akaweka kiganja juu ya mstari ule.

"Alifaulu," alisema. "Huku. Huku alifaulu."

Kwa nini habari haikufika Ireland sijui, na sitajifanya najua. Pengine kila upande ulidhani upande mwingine umeandika.

Nora alimpigia kaka yake simu palepale, kwa sauti ya juu ili nasi tusikie. Kwao ilikuwa alasiri. Alimsomea jiwe neno kwa neno. Ikasikika sauti ya mzee, nzito, anakohoa.

"Soma tena," Tom alisema.

Alisoma mara tatu. Mara ya tatu Otieno alikuwa amegeuka, anajifanya anafuta sepetu.

Saa nane mchana nilimleta meneja. Alichuchumaa na suti yake, akagusa herufi kwa vidole viwili, akasoma mpaka chini. Alipiga simu kwa mafundi akiwa bado amechuchumaa. Barabara ilihamishiwa upande wa maegesho, ambako ingefaa iwe tangu mwanzo, lakini hilo sikumwambia siku hiyo.

Rejesta yetu haifutwi. Kosa linabaki, na sahihisho linaandikwa pembeni kwa wino mwekundu, na anayeliandika anatia sahihi. Ijumaa asubuhi, kabla Otieno hajampeleka Nora uwanja wa ndege, nilifungua Aprili ile mbele yake. Niliandika jina lake kamili, nikaongeza Mbunge, nikaongeza kwamba kaburi limeonekana na jiwe limesimamishwa. Kisha nikatia sahihi: Odilia Komba. Sikuwahi kuandika jina langu kwa raha kama siku ile.

Kazi niliendelea nayo mpaka Aprili, tukazika wengi, na ninyi mlinifanyia sherehe yenye pilau isiyokuwa na chumvi. Siku ya mwisho, nimeshavaa koti, tarishi alileta bahasha kutoka Ireland. Nora aliandika kwamba padri wao alitangaza jambo lile altareni, na watu walimfuata nje kumshika mkono. Tom yu hai bado, ameikuza picha ya jiwe na kuitundika mbele ya kitanda chake. Na jioni moja mzee jirani, ambaye ukoo wake ndio hasa ulioshikilia lile neno mtoro vizazi vyote hivyo, alibisha mlangoni kwao. Alisema hakuja kukaa. Alitaka tu kuiona picha. Nora akampeleka chumbani. Mzee akausoma mstari wa mwisho kwa kidole, polepole, akavua kofia, kisha akavuta kiti akaketi karibu na Tom.